Sanduku la Mama Mwalimu: Usiwalaze mapacha kitanda kimoja

Sanduku limejaa. Mhariri ameniletea barua za mwezi huu ndani ya mfuko wa sukari, na zaidi ya nusu zinalia kilio kimoja: maneno ya Kiingereza yanaingia sikio hili na kutokea lile. Kwa wageni wa ukurasa huu, nilizaliwa Lubumbashi nikakulia Kitwe, Zambia, baba alikokuwa fundi viatu. Nilirudi nyumbani nikiwa na miaka 14, nikasoma kwa Kifaransa, kisha nikafundisha Kiingereza sekondari miaka 26. Sasa nimestaafu, nalima lengalenga nyuma ya nyumba na kujibu barua. Tafadhali andikeni herufi kubwa kidogo. Macho yangu si yale ya zamani.

*

Jambo Mama Mwalimu. Niko mwaka wa sita wa sekondari hapa Katuba. Mwalimu wetu ametupa karatasi ya maneno 200, safu tatu: neno lenyewe, neno lenye maana sawa, na kinyume chake. Nimekesha siku tatu kwa mshumaa nikikariri. Nyumbani nayajua yote. Ijumaa kwenye jaribio nikaandika kwamba ‘borrow’ ni kukopesha na ‘lend’ ni kukopa, na ‘shallow’ nikaipa kisima kirefu. Nimepata 7 kwa 20. Kichwa changu ni kizito?
Mwanafunzi, Katuba

Kichwa chako si kizito, mwanangu. Mzigo ndio umefungwa vibaya.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mkasai, na kwa desturi ya kwao mapacha wake wanaitwa Mbuyi na Kabanga. Nilitambulishwa kwao siku moja, saa moja, wote wawili wamevaa kaptula za kitambaa kimoja. Leo wana miaka kumi, na bado nikiita “Mbuyi!” anaitika Kabanga huku anacheka. Lakini darasani niliwahi kuwa na mapacha wengine. Wa kwanza nilimfundisha mwaka mzima akiwa peke yake; mwenzake alikuwa Mbuji-Mayi kwa bibi yao, akaja mwaka uliofuata. Hao sikuwachanganya hata siku moja, ingawa walifanana kuliko hawa wa jirani. Wa kwanza alikuwa ameshapata kiti chake kichwani mwangu, na wa pili akaja kutafuta chake.

‘Borrow’ na ‘lend’ ulitambulishwa kwao usiku mmoja, kwenye mstari mmoja, kwa mwanga wa mshumaa mmoja. Kilichobaki kichwani ni kwamba kuna jambo la deni na kuna watu wawili; nani ni nani, hujui. Tena Kiswahili kimetudekeza: kukopa na kukopesha ni neno moja lililoongezwa mkia, na mkia wenyewe unakuambia nani anatoa. Kiingereza hakikupi mkia. Na usidhani ni mimi tu na majirani zangu. Miaka ya 1990 watafiti wa kujifunza lugha walipima jambo hilihili, wakakuta kwamba wanaopewa maneno ya jamii moja kwa mkupuo huchelewa kuyashika kuliko wanaopewa maneno yasiyohusiana kabisa. Mtu anatarajia kinyume chake, ndiyo maana karatasi za safu tatu haziishi. Simlaumu mwalimu wenu. Mimi mwenyewe niligawa karatasi kama hizo miaka 11.

Basi fanya hivi. Chukua ‘borrow’ peke yake. ‘Lend’ ifunike kwa kiganja, ujifanye haijazaliwa. Sasa usiandike “borrow = kukopa” ukaona umemaliza. Iandikie maana yake kwa maneno yako, na maana nzuri ina sehemu mbili: neno ni la ukoo gani, na linatofautianaje na ndugu zake. ‘Borrow’ ni la ukoo wa kuchukua. Ndugu zake ni kuiba na kupewa. Kwa hiyo: ni kuchukua kitu cha mtu, kwa ruhusa yake, kwa nia ya kukirudisha. Ukiondoa ruhusa, umeiba. Ukiondoa nia ya kurudisha, umepewa, au wewe ni shemeji yangu mmoja ninayemjua, lakini hayo tuyaache. Halafu weka sentensi moja ya nyumbani kwako, iwe ya kweli: ‘I borrow my sister’s phone.’ Dada ni wako, simu unaijua, na kelele anazopiga ukichelewa kuirudisha unazijua. Neno limeshapata mahali pa kukaa.

Wiki ikipita, na ‘borrow’ inakuja bila kuitafuta, ndipo umfungulie mlango ‘lend’, na hapo sasa uwasimamishe pamoja: mimi naborrow kutoka kwa dada, dada ananilend mimi. Simu ni ileile. Kinachobadilika ni upande unaosimama.

Kuhusu kukesha: mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote. Aliona kwamba mengi hupotea mapema, katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu unapungua kasi. Kwa hiyo maneno 200 kwa siku tatu ni kumwaga maji kwenye kikapu. Chukua manane kwa siku. Kunja ukurasa wa daftari katikati, neno kushoto, maana yako kulia, ili ukikunja usione jibu. Jipime jioni ileile, kesho yake, siku ya nne, wiki ikifika, na mwezi ukifika. Lililokushinda lianze foleni upya kama mtu aliyekuja bila kitambulisho.

Karatasi ya mwalimu usiitupe. Safu ya kwanza ni ya mwezi huu. Safu ya tatu itakusubiri.

*

Mama Mwalimu, mimi nauza samaki wa mikebuka na pilipili ya kusaga, ya chupa. Jumamosi nakwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wazambia wengi tunaelewana kwa Kibemba, lakini kuna madereva wa mbali wanaotaka Kiingereza tu. Niliuliza simu neno ‘kali’, ikanipa ‘fierce’. Nikamwambia mteja kwamba ‘my pilipili is very fierce’. Akaniuliza kama inabweka pia. Alinunua chupa mbili, lakini nimeona haya.
Muuza pilipili, commune ya Kenya, Lubumbashi

Mama, aliyenunua chupa mbili hakukudharau. Barua yako nilikujibu kwa simu siku ileile kwa sababu Jumamosi ilikuwa karibu, lakini wengine wanufaike pia.

Simu haikudanganya. ‘Fierce’ ni kali ya mbwa na ya simba. Shida ni kwamba sisi tuna ‘kali’ moja tunayoipeleka kila mahali kama sufuria ya harusi: kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali, pilipili kali, jua kali. Mwingereza ana sufuria tofauti kwa kila chakula. Utajuaje ipi ni ipi? Hapa ndipo kinyume kinapofanya kazi yake ya kweli, na wengi wanakosea kukiona kama pambo la mtihani. Kabla hujaitafuta ‘kali’, jiulize kwa Kiswahili: kikikosa ukali, kitu hiki kinakuwaje?

Kisu kikikosa ukali kinakuwa butu. Basi ni kali inayopingana na ubutu: ‘sharp’. Mbwa akikosa ukali anakuwa mpole, na yako ni ‘fierce’. Mwalimu akikosa ukali, wanafunzi wanatoka kununua maandazi katikati ya somo. Huyo mkali anaitwa ‘strict’. Na pilipili ikikosa ukali haiwashi. Kali inayowasha ni ‘hot’, neno lilelile la moto, na isiyowasha ni ‘mild’. Neno moja la kwetu, vinyume vinne, kwa hiyo milango minne.

Ijaribu na ‘refu’ uone. Mtu mrefu na kamba ndefu vyote kinyume chake ni fupi, na kwa Kiingereza vyote viwili vinarudi kwenye ‘short’, lakini vinapanda kwa njia mbili, ‘tall’ kwa mtu na ‘long’ kwa kamba. Kisima kirefu hakina kisima kifupi. Kina kisima ambacho ndoo inagonga chini upesi. Hicho ni ‘shallow’, na kirefu ni ‘deep’. Mwanafunzi wa Katuba, natumaini unasoma na hapa.

*

Mheshimiwa Mama Mwalimu, naomba unisahihishie barua ya kazi ya mgodini kabla sijaituma. ‘Actually I work in Likasi. Last month I passed the State examination and I wait the results. I have assisted to a formation about safety. I attend your answer.’ Kifaransa changu ni kizuri, kwa hiyo nadhani Kiingereza hakitanisumbua.
Kijana mwenye haraka, Likasi

Kijana, Kifaransa chako kizuri ndicho kilichoandika barua hii. Wewe ulishika kalamu tu.

‘Actually’ si ‘actuellement’ ya Kifaransa, yaani kwa sasa. Maana yake ni kwa kweli, tena mara nyingi mtu huitumia anapomsahihisha mwenzake, kwa hiyo umeanza barua kwa kubishana na mkuu wa kazi kabla hajasema neno. Weka ‘currently’, au sema tu kwamba unafanya kazi Likasi. ‘Passed’ ni kufaulu, si kufanya mtihani. Umemwambia umefaulu, kisha hapohapo unamwambia unangoja matokeo. Atakuona mwongo au nabii. Kufanya mtihani ni ‘take’ au ‘sit’. ‘Formation’ ya Kifaransa, yaani mafunzo, kwa Kiingereza ni ‘training’. Sasa angalia hawa wawili walivyobadilishana viti. Kwa Kifaransa ‘assister à’ ni kuhudhuria na ‘attendre’ ni kungoja, lakini ‘assist’ ya Kiingereza ni kusaidia, na kuhudhuria ndiyo ‘attend’, ‘attend’ nayo haingoji jibu la mtu, anayengoja ni ‘wait for’. Kwenye mafunzo ya usalama uli‘attend’. Jibu una‘wait for’. Na hapo juu, ‘I wait the results’, nayo inadai hiyo ‘for’ yake.

Usife moyo. Nilipokuwa na miaka 22 niliandika barua katika kampuni moja ya usafirishaji, jina lake tuliache lipumzike. Mjomba alifariki. Nikamwandikia mkubwa wangu, Mzambia, mtu wa heshima: ‘I demand three days.’ Kichwani nilikuwa na ‘demander’, naomba. Kwa Kiingereza nilikuwa nimesimama mlangoni na rungu. Aliniita, akainua karatasi, akauliza neno moja tu: ‘Demand?’ Siku tatu nilipewa, ila nilizipata baada ya kusimama pale kwa dakika ninazozikumbuka mpaka leo, kuliko hata mazishi yenyewe.

Lakini Kifaransa si adui, na hapa wasomaji wengine mnisikilize. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari akatwaa kiti cha ufalme wa Uingereza, na kwa vizazi kadhaa wakubwa wa nchi walizungumza Kifaransa, wachungaji na wapishi wakabaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana mnyama ana jina la mchungaji na nyama ina jina la mezani: ng’ombe ni ‘cow’ lakini nyama yake ni ‘beef’, sikiliza ‘bœuf’ ndani yake, kondoo ni ‘sheep’ na nyama ‘mutton’, nguruwe ni ‘pig’ na nyama ‘pork’. Maneno mengi ya maana sawa yalizaliwa hivyo, ndugu wawili wa baba mbalimbali: ‘begin’ na ‘commence’, ‘buy’ na ‘purchase’, ‘hide’ na ‘conceal’, ‘freedom’ na ‘liberty’.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunapata la pili bure. Tunadhani tumetajirika, kumbe tumepewa suti bila nguo za nyumbani. ‘Commence’ ni neno la ofisini na la mahakamani. Hakuna mama anayemwambia mtoto wake ‘commence your bukari’, yaani ugali wako. Kwa hiyo kila ukikutana na neno la Kiingereza linalonuka Kifaransa, liandikie pembeni ndugu yake mfupi wa shambani, maana huyo ndiye atakayekusaidia kuongea na watu. Na kabla hujaliamini lile refu, soma maana yake kwenye kamusi, hata kama unaapa unalijua. Hasa kama unaapa.

*

Mimi ni mpokezi hotelini, katikati ya jiji. Nina programu kwenye simu inayonipa maneno yenye maana sawa, ili nisirudie rudie ‘famous’. Alikuja mwanamuziki kutoka nje, nikamwambia kwa heshima zote kwamba ‘you are notorious in Lubumbashi’. Akacheka vibaya. Nilimkosea?
Mpokezi

Ulimwita sugu, kaka. Kwa Kiswahili tunasema mwimbaji mashuhuri na mwizi sugu, na wote wawili wanajulikana mji mzima. ‘Famous’ anajulikana kwa mema au kwa kazi yake, ‘notorious’ anajulikana kwa ubaya. Ashukuriwe kwamba alicheka.

Maneno ya maana sawa hayana maana sawa. Yana ujirani. Bibi yangu alikuwa mwembamba. Mtu akimwita kimbaombao, tungegombana, na mwili ni uleule. Kiingereza nacho: ‘thin’ inasema tu ilivyo, ‘slim’ inasifu, ‘skinny’ inachoma. Ukiwa na majirani watatu kama hao usiulize tu maana yake ni nini. Uliza: nikiambiwa hivi mimi, nitatabasamu au nitanuna?

Programu yako imerithi kazi ya daktari mmoja Mwingereza, Peter Mark Roget, aliyechapisha mwaka 1852 kitabu cha maneno yaliyopangwa kwa makundi ya maana badala ya alfabeti. Hakufafanua hata neno moja. Kitabu kile ni cha mtu mwenye neno kwenye ncha ya ulimi, anayelijua tayari ila halimjii. Wewe ulikwenda humo kuchuma neno usilolijua, kama mtu anayeokota uyoga msituni kwa kuangalia rangi.

*

Mwalimu, mimi nabeba mafuta kwa lori. Kijana wangu anasoma Kiingereza, anasema ‘in’ mbele ya neno ni kukataa: ‘correct’, ‘incorrect’. Tangi langu limeandikwa ‘inflammable’. Ni kusema haya mafuta hayashiki moto?
Dereva, njia ya Kasumbalesa

Baba, kama una sigara, izime kwanza, kisha uendelee kusoma.

‘Inflammable’ ni kitu kinachoshika moto upesi, sawasawa na kwa Kifaransa. ‘In’ hiyo ni nyingine, ya Kilatini, yenye maana ya ndani: kutia ndani ya moto. Kwa sababu wengi wangefikiri kama kijana wako, watu wa usalama katika karne ya 20 walihimiza iandikwe ‘flammable’ tu, na leo utaona zote mbili, maana ni moja. Kisichoshika moto ni ‘non-flammable’. Na mwambie kijana ajihadhari na ‘invaluable’ pia. Si kitu kisicho na thamani. Ni kile ambacho thamani yake haihesabiki.

Ila kanuni yake si mbaya, mpe maksi. ‘In’ ya kukataa ipo, na hubadilika kwa kufuata herufi inayofuata: ‘impossible’, ‘illegal’, ‘irregular’. Asikariri kama orodha. Mdomo wake unaijua kazi hiyo: husemi nyumba nbaya, unasema mbaya, husemi kamba nrefu, unasema ndefu. Ulimi unakwepa kona.

Tena kwa dereva kuna kitu kitamu zaidi. Kiswahili kina kinyume kilichofichwa mwishoni mwa kitenzi, na Kiingereza kimekiweka mwanzoni. Unafunga kamba, unafungua: ‘tie’, ‘untie’. Unakunja turubai, unakunjua: ‘fold’, ‘unfold’. Unafunika, unafunua: ‘cover’, ‘uncover’. Unapakia, unapakua: ‘load’, ‘unload’. Ukifika bohari na mtu akakuuliza moja ya hayo, umeshajua yote mawili. Hawa ndio mapacha pekee ninaoruhusu walale pamoja, kwa sababu mmoja amevaa kofia.

*

Mama Mwalimu, mtoto wangu wa darasa la nne ameandika kwamba kinyume cha ‘table’ ni ‘chair’. Amepewa sifuri. Nami nimekaa na daftari mpaka usiku, sijui kinyume cha meza. Ni nini?
Mzazi, Ruashi

Hakuna, mama. Lala.

Swali ndilo bovu. Meza haina kinyume, wala ng’ombe, wala Jumanne. Na hata yenye kinyume hayapingani kwa namna moja. Kuna yasiyo na katikati: kuku yuko hai au amekufa, ‘alive’ au ‘dead’, hakuna kuku wa nusu. Kuna yanayotazamana kama mimi na wewe sokoni, ‘buy’ na ‘sell’, jambo moja limetazamwa pande mbili. Na kuna yenye ngazi katikati, na haya ndiyo mtoto ayachezee, kwa sababu hapa Lubumbashi anayahisi kwa ngozi: Oktoba kabla ya mvua ni ‘hot’, usiku wa Julai chini ya mablanketi mawili ni ‘cold’, na katikati kuna ‘warm’ na ‘cool’. Mpe maji manne ya ndoo, atie mkono, ataje.

Mimi ningempa nusu alama. Aliwaza vitu vinavyokaa pamoja, na neno kukaa na wenzake ni jambo kubwa, ila hakuulizwa hilo.

*

Ninunue kamusi gani? Nina pesa ya moja tu.
Fundi umeme, Kampemba

Fungua popote na utafute neno unalolijua tayari, mfano ‘spoon’. Kama maelezo yake ni magumu kuliko kijiko, mrudishie muuzaji. Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, aliifafanua ‘network’ kwa maneno kama ‘reticulated’ na ‘decussated’. Alikuwa mtu wa akili nyingi sana, na huelewi kitu. Tangu mwaka 1978 kuna kamusi ya wanaojifunza inayofafanua kila neno kwa maneno ya msingi 2,000 hivi. Tafuta ya namna hiyo, Kiingereza kwa Kiingereza, hata kama ni ya mitumba na jalada limechanika. Hakikisha tu kurasa za herufi S zipo zote. Ni nyingi, na ndizo zinazong’oka kwanza.

*

Mama Mwalimu, ni mimi tena wa pilipili. Nilisema ‘hot’ kama ulivyonifunza kwenye simu, wakanunua. Halafu dereva mmoja akaomba ile isiyowasha sana. Nikakumbuka ulisema nitafute kinyume. Nikamwambia: ‘This one is cold.’ Akaishika chupa, akaniangalia, akasema si baridi. Tukabishana.
Muuza pilipili, commune ya Kenya

Kosa ni langu, mama. Nilikupa ‘hot’ na ‘mild’ kwenye simu moja, dakika moja, na mwanafunzi wa Katuba nimemkataza hilohilo. Jumamosi hii beba ‘mild’ peke yake. Ile kali, waache waonje.